Prenda Hauzi Gari Lake Dogo

Prenda Marku ni muuguzi wa vijiji vya milima ya Mirditë, na watu humtambua kwa mlio wa gari lake kabla hawajamwona. Ni gari dogo, jekundu lililopauka. Wazee hutania kwamba Prenda halipandi, hulivaa. Kila asubuhi hupakia dawa, mizani ya watoto wachanga na chupa ya kahawa, kisha hukwea kuwafuata wagonjwa wasioweza kushuka mjini.

Mwaka huu binamu yake alifariki kwenye barabara kuu. Alikuwa katika gari dogo. Lori lililomgonga lilichubuka tu. Baada ya mazishi, Gjelosh, kaka yake Prenda aliyerudi kutoka Italia, alileta gari lake kubwa la dizeli, zito kama ghala, akalisimamisha uani kwa dada yake ili awe analitumia. Alitaka ufunguo wa lile dogo akaliuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Ukoo mzima ulimuunga mkono. Walikunywa kahawa, wakakubaliana kwamba kinga ya mtu barabarani ni chuma kinene.

Prenda hakubishana nao kuhusu lori.

"Hapo umesema kweli, kaka. Tukigongwa na lori, wewe utavunjika mguu, mimi nitazikwa. Lakini mafuta ninayopewa na zahanati hayaongezeki. Hili dude lako litayamaliza kabla mwezi haujafika nusu. Sasa niambie nimwache nani. Mzee Pashk na kidonda chake cha kisukari, au mkaza mwana wa Llesh na mimba yake?"

Gjelosh akajibu kwamba hao si ndugu zao. Prenda akamuuliza kama angeweza kulisema hilo mezani kwa Mzee Pashk, mkate wa mzee ukiwa bado mdomoni.  Mwishowe kaka mtu akamsihi wajaribu mara moja tu, wapande pamoja hadi kijiji cha juu, naye aonje raha ya gari la watu wazima.

Prenda akakubali, akaingia. Alipotafuta mkanda aliukuta umepitishwa nyuma ya kiti na kufungwa huko, ili kengele ya kumkumbusha mtu ajifunge isipige kelele. Wa dereva ulikuwa vivyo hivyo. Kwetu milimani, abiria anayejifunga mkanda anamwambia dereva kuwa hamwamini, na mgeni mwenye adabu hathubutu. Prenda aliuchomoa, akaupitisha kifuani mwake, akaubana.

"Unanitukana ndani ya gari langu?" Gjelosh aliuliza.

"Ndiyo. Na wewe jifunge."

"Nimeendesha hadi Milano na kurudi bila hicho kitambaa."

"Binamu yetu naye hakukivaa. Nilimvua shati mimi mwenyewe, hospitalini. Kifuani hapakuwa na alama yoyote ya mkanda. Sisemi angepona, kaka. Nasema hakujipa hata nafasi, na nyinyi mmekaa mnalaumu udogo wa gari. Humu ndani mimi na wewe ni mayai ndani ya ndoo ya chuma. Ndoo haitapasuka, ila mayai je?"

Gjelosh akazima injini. Alisema kwa sauti ya chini kwamba mwanamke mwenye akili angeshukuru, na kwamba achague: gari hili na ndugu zake, au lile kopo.

Prenda akafungua mkanda, akachukua mkoba wa dawa, akavuka uani na kuingia katika gari lake. Akajifunga. Kaka yake alimfuata hadi dirishani.

"Ukifa ndani ya hiki kitu, jeneza lako silibebi."

"Usilibebe," Prenda alimjibu. "Watanibeba wa kijiji cha juu."

Akawasha gari, akalielekeza mlimani. Mzee Pashk alikuwa bado hajabadilishiwa bendeji.