Aliyeniomba Sauti Yangu

Usiniamini ukitaka, lakini mimi nilikuwepo, tena mchana kweupe, hapa hapa Gisenyi, mvua ikinyesha.

Kazi yangu ni kutafsiri filamu. Nakaa na maikrofoni kando ya skrini, nawasemea waigizaji kwa Kiswahili ili wachuuzi wa Goma nao wafuate. Siku hiyo ilikuwa filamu ya muuaji. Uso wake huuoni; unatembea naye, kisu kiko mbele yako kama umekishika wewe. Anachinja watu nyumba hadi nyumba. Nilimsemea kwa kunguruma, na ukumbi ukapiga mayowe.

Mwanaume mwenye koti la mvua akaja kuketi karibu yangu.

"Unamusemea vibaya," akaninong'oneza. "Ule hana hasira."

"Ana nini?"

"Hana kitu. Hasikiaki kitu mu roho. Niazime sauti yako, nikuonyeshe."

Nilidhani ni mlevi. "Bon, chukua," nikamwambia.

Niamini, midomo yangu ikaendelea bila mimi. Maneno yakatoka polepole, kama mtu anayezungumza huku akimenya viazi. Mama mmoja akabeba kikapu chake, akatoka nje kwenye mvua. Kisha muuaji akanawa mikono, akainua kichwa mbele ya kioo. Uso ulikuwa wa yule wa koti!

Nikageuka. Kiti kilikuwa kitupu, kimelowa.

Filamu ilipoisha nikawauliza watu, "Kwenye kioo mumeona nani?"

"Si ule muzungu wa filamu tu?"

"Na jamaa aliyekaa na mimi?"

"We ulikuwa peke yako."

Baadaye, nyumbani kwetu mtaa wa Nengo, binti yangu Aline alijikwaa, akaangukia sufuria ya maharage iliyokuwa ikichemka jikoni. Mimi ndiye niliyekuwa karibu.

"Papa Aline! Mutoto anaungua!" mke wangu Vestine akapiga kelele.

Nilimsikia kwa masikio tu. Nikasimama palepale, nikingoja nione kitakachofuata. Vestine ndiye aliyemnyanyua.

Mkono wa mtoto ulioungua ulipona, kovu likabaki. Nimeombewa kanisani, na shemeji zangu wa Goma wamenisomea Kurani. Nawashukuru, kwa adabu tu. Vestine akitoka, hata kwenda dukani, humchukua mtoto. Simlaumu. Ningependa hilo liniume.

Basi nakuonya: mtu usiyemjua akikuomba kitu kisichoshikika mkononi, usimkubalie hata kwa mzaha. Hutasikia uchungu anapokichukua. Ungeusikia, ungekimbia.