Mashine Iliyozima Wageni Wakija

Jirani yangu Kayitesi mimi nimeshamzoea, lakini watu wapya huwa anawatoa jasho. Unamletea kompyuta umeifunga kwenye shuka, hata hujakaa, anakuuliza: "Ilianza kuumwa iko na nani?" Ukimjibu kwamba haiwaki tu, anakukata. "Mi sikuuliza hiyo. Iko na nani, na mulikuwa munafanya nini?" Wengine wanaona ni dharau. Mie nauza chai na sambusa mlango wa pili, basi wakitoka kwake wanakuja kwangu kulalamika, nami nawauzia chai.

Mtanisamehe Kiswahili changu. Jina langu Kaltumu, nimezaliwa Ujiji, na hapa Gisenyi wananicheka eti naongea kama redio. Kayitesi amekulia Goma, ng'ambo ya mpaka, kwenye kibanda cha mjomba wake aliyekuwa akitengeneza redio na pasi. Familia yao iliporudi Rwanda aliuza viazi vya Mudende sokoni, akaolewa na dereva wa lori, akamzaa Sano, kisha siku moja akaviacha viazi. Nilipomuuliza sababu, alisema viazi havijibu mtu. Mashine ukiiuliza vizuri inakujibu.

Anaijua kazi yake, na anajua kwamba anaijua. Hilo ndilo linalowaudhi watu. Mimi linanifurahisha, maana nimechoka na mafundi wa "tutajaribu, Mungu akipenda" huku wanafungua parafujo mikono inatetemeka.

Sasa, Belise. Huyu ni binti wa Mukandayisenga, mama mjane wa mtaa wa juu, na kazi yake ni kutengeneza filamu za harusi. Anapiga picha, anarudi nyumbani, anakata, anaunganisha, anatia muziki na rangi, yote kwenye kompyuta moja kubwa ya mezani. Asubuhi moja aliteremka na teksi, kaikumbatia ile kompyuta, macho yamevimba.

"Dada Kayitesi, nisaidie. Inazima yenyewe. Fundi wa kwanza alisema kadi ya michoro imekufa. Wa pili naye alisema hivyo hivyo."

Kadi ya michoro ndiyo kipande kinachotoa picha kwenye skrini, na kwenye mashine ya filamu hakuna kipande cha thamani kuliko hicho. Belise hakuwa na namna ya kupata nyingine. Na kulikuwa na jambo zito zaidi. Mzee Gakwaya, mfugaji wa Mudende aliyemwoza binti yake, alikuwa amekuja na familia nzima kuitazama filamu ya harusi, mashine ikazima katikati. Akaja tena, ikazima tena. Kisha akasema Jumapili atakuja mara ya tatu, na ya mwisho. Ikizima, anachukua memori zote za kamera na kuzipeleka kwa mtu wa Kigali. Mji wetu mdogo huu! Neno la Gakwaya likishuka kutoka Mudende, nani tena angempa Belise harusi yake?

Kayitesi hakumpa pole. Aliinama akanusa mgongo wa mashine, kama mpishi anavyonusa sufuria.

"Kabla ya kuzima, picha inaharibika? Unaona mistari, rangi za ajabu?"

"Hapana. Inazima tu mara moja, kama umeme umekatika."

"Donc, basi, hapana kadi. Kadi ikiumwa inalia kwanza, inakuonyesha mistari na vidoti. Hii ni alimentation inakata."

Alimentation ndicho kile kisanduku cha nyuma kinachopokea umeme wa ukutani na kuugawa ndani. Kule kwetu tunaita pawa saplai. Kayitesi akamwambia Belise aende nyumbani, arudi kesho.

Kumbe kesho haikuwa na jibu. Aliitoa kadi akaiweka kwenye mashine nyingine, ikafanya kazi bila wasiwasi. Akairudisha, akabadilisha pawa saplai, filamu ikacheza mpaka mwisho. Akairudisha ile ya zamani, na hapo ndipo penye mambo: filamu ikacheza mpaka mwisho vilevile! Yeye hubadilisha kitu kimoja tu kila mara, ndiyo sheria yake, la sivyo hutajua nini kimeiponya mashine. Siku nzima mashine ilinguruma, haikuzima hata kwa bahati mbaya.

Wallahi, mie nilishafikiria jicho. Nikamwambia, "Huyo mtoto kaonewa wivu."

"Toka hapa na jicho lako," alisema, lakini alikuwa amekunja uso. "Mashine haiumwi. Nyumba ndiyo inaumwa."

Belise aliporudi, Kayitesi alimbana tena na swali lake. Inaumwa iko na nani? Binti alifikiri, akasema kwa sauti ndogo kwamba akiwa peke yake haizimi. Inazima wageni wakija.

Nilicheka. Kayitesi hakucheka. Alichukua kipimo chake cha umeme, akafunga mlango, akaniambia, "Twende, na ubebe sambusa. Leo sisi ni wageni."

Mama Belise alitufungulia akafuta mikono kwenye kitenge. Nyumba safi, viti vimevishwa vitambaa vya kudarizi, televisheni nayo ina chake, hata jagi la maji. Nyumba za huku ndivyo zilivyo, kitu cha heshima hakikai uchi. Belise akaiweka mezani mashine tuliyorudi nayo, akaitandikia kitambaa chake chepesi cha kila siku. Kayitesi akapima soketi ya ukutani, umeme mzuri kabisa. Akasema:

"Mama, mi leo hapana fundi. Nipokee kama vile unapokea mzee Gakwaya. Yote unafanya, fanya."

Mama Belise alituangalia kama tumerukwa na akili, halafu akakubali. Alileta soda. Alibadilisha vitambaa vya viti. Kisha akaiendea ile mashine, akakitoa kile kitambaa chepesi, akaingia chumbani, akatoka na vazi. Ndiyo, vazi! Kitambaa kizito cha rangi ya maziwa, kina bitana ndani, maua ya bluu pembeni, na jina Belise limedariziwa mbele juu ya kitufe cha kuwashia. Akaivisha mashine kuanzia kichwani mpaka mezani, akanyoosha mikunjo kwa kiganja. Hili lilikuwa la wageni tu. Mashine ikipelekwa kwa fundi alilivua, maana huwezi kusafirisha kitu na nguo ya sherehe. Ndiyo maana hakuna fundi aliyewahi kuliona.

Nilimtazama Kayitesi. Midomo ilikuwa inamcheza. Lakini alisema tu, "Belise, cheza filamu."

Bibi harusi akatoka, ng'ombe wakatolewa, vijana wakacheza. Mashine ikaanza kuvuma, ikavuma zaidi. Kayitesi aliingiza mkono nyuma, chini ya lile vazi, akauacha pale. Mara, kimya. Skrini nyeusi.

Alifunua kitambaa, na joto lilitoka kama umefunua sufuria ya maharage.

"Filamu ikicheza, kadi inakunywa umeme mwingi," alisema. "Alimentation inafanya kazi nguvu, inapata joto. Feni inataka kutoa lile joto kwa mugongo, linakosa njia. Inajizima ili isiungue. Iko na akili." Halafu, maana mdomo wake hauna breki, akamgeukia mama mwenye nyumba. "Mama, hii mashine inapumua na mugongo. We umeifunga pua."

Jamani! Mama Belise alisimama kama amemwagiwa maji.

"Kwa hiyo ni mi ninaua kazi ya mutoto wangu?"

"Dada Kayitesi, usimwambie mama hivyo!" Belise alifoka, machozi yanamtoka. "Amekidarizi msimu mzima!"

"Mi nasema kitu iko."

"Watu wa ukoo walisema huyu mutoto hana kazi, anacheza na picha," Mama Belise alisema, na sauti ilikuwa inamkatika. "Nikasema hapana, wageni wakiingia wataona ni kitu cha maana. Sasa waje waone sanduku uchi, na waya zinaning'inia? Heri wasikuje."

Akaingia chumbani na kitambaa chake, akafunga mlango. Nilimkasirikia Kayitesi. Njiani nilimpa vidonge vyake. Nilimwambia ana mikono ya dhahabu na ulimi wa wembe. Tulipokaribia duka akasema, "Nilipaswa kusema polepole." Kwa Kayitesi hiyo ni hotuba nzima. Jioni ileile Belise alileta tena mashine, naye Kayitesi akabadilisha feni ya ile pawa saplai, maana joto lilikuwa limeshaichosha. Nawe msomaji usijaribu mwenyewe: kile kisanduku hubakiza umeme ndani hata kikichomolewa, na hakina utani.

Jumapili tulipanda tena, mimi na sahani yangu, yeye na bisibisi. Mashine ilikuwa mezani, uchi, na mlango wa chumba cha mama bado umefungwa. Belise alikuwa anatembea huku na huku, ananong'ona, "Akiivisha sitamkataza. Siwezi." Kayitesi alifungua mdomo. Nikamkanyaga mguu.

Gakwaya akafika na familia yake, kofia mkononi, uso umekaza. Hakugusa hata soda. Alisema kwanza anaomba memori ziwekwe mezani mbele yake, na Belise akaziweka katika bahasha. Ndipo mlango wa chumbani ukafunguka.

Mama Belise alitoka amevaa mushanana, vazi la sherehe la wanawake wa huku, na kile kitambaa mikononi. Alitembea moja kwa moja mpaka kwenye mashine, akasimama. Belise alifumba macho. Mama akageuka, akakikung'uta kitambaa, akakitandika juu ya meza ndogo mbele ya wageni, maua ya bluu juu, akachukua sahani yangu ya sambusa akaiweka katikati.

"Cheza, mutoto wangu," alisema.

Filamu ilianza. Bibi harusi akatoka, ng'ombe wakatolewa, vijana wakacheza. Ilipofika pale inapozimikaga sikuangalia skrini, niliangalia mkono wa Kayitesi ulioshika bisibisi. Mashine ilivuma, ikaendelea kuvuma, na picha ikaendelea. Mke wa Gakwaya alijiona akimkumbatia binti yake, akaanza kulia kwa sauti, na mabinti zake wakalia naye. Filamu ikacheza mpaka wimbo wa mwisho, mpaka majina, mpaka skrini ikawa nyeupe yenyewe kwa utaratibu.

Gakwaya aliitazama mashine.

"Mama," alisema, "siku zile zote hii mashine ilikuwa imevaa vizuri. Leo imekuwaje?"

Belise alishusha kichwa. Kayitesi, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alinitazama mimi kutafuta msaada. Lakini Mama Belise alishapata jibu lake, na alilitoa akiwa amenyoosha shingo.

"Ile nguo ni ya wageni, mzee. Ninyi mumekuja hapa mara ngapi? Hamuko wageni tena."

Gakwaya aliangua kicheko, kicheko kikubwa cha mtu wa ng'ombe. Alichukua sambusa, akaiuma, na kwa mkono mwingine akaisukuma ile bahasha juu ya kitambaa mpaka ikafika kwa Belise.

"Bon," alisema. "Basi hizi zinakaa nyumbani."