Uzi wa Kufunga Ng'ombe

Tangu Jumapili sijalala vizuri, na sababu yenyewe ni ndogo hata naona haya kukuambia: uzi. Nimekuwa nikijiuliza kama uzi niliotumia kulitengeneza blanketi la viraka la nyanya unalishikilia, au unalikata polepole huku watu wakinisifu.

Kila mtoto wa boma letu hapa Kathiani hupokewa kwa blanketi hilo. Nyanya alilishona kwa mkono: kiraka cha shati la marehemu babu, cha sare ya shangazi, cha gauni langu la chekechea. Nilipokuwa mdogo kazi yangu ilikuwa kumtungia sindano. Tulikaa jikoni, muthokoi wa mahindi na maharagwe ukitokota, harufu ya nta ya nyuki ikipanda kutoka mapajani mwake, maana kila uzi aliupitisha kwanza kwenye kibonge cha nta usije ukajisokota. Alipenda uzi wa pamba usiong'aa. Sokoni aliuzungusha kidoleni, akauvuta ghafla. Ukikatika, aliuchukua. Ukimkata ngozi, aliurudisha.

"Uzi ukatike, nguo ibaki," alizoea kusema. "Uzi nitashona tena. Shati la babu yako nitalitoa wapi?"

Niliyasikia maneno hayo hadi nikaacha kuyasikia.

Majuzi shangazi alipokaribia kujifungua, mishono ya blanketi ilikuwa imeachia, na macho ya nyanya hayaoni tena tundu la sindano. Akaniomba nilishone upya mimi, niliye nyumbani tangu nihitimu chuo, nikisubiri kazi. Nikaenda Machakos mjini, kwenye duka la vitambaa la mzee mmoja Msomali. Nilishika uzi huu nikarudisha, nikashika ule nikarudisha.

"Dada, unanunua uzi ama unaufanyia intavyu?" akaniuliza. Wateja wakacheka.

Kwa aibu nikauliza ulio mgumu kuliko zote. Akanipa wa nailoni. "Huu hata ukifunga ng'ombe haukatiki."

Nikauchukua. Nilitaka kitu kimoja tu nilichofanya ambacho hakuna atakayesema kimeachia.

Jumapili mtoto akaletwa. Jirani yetu akaligeuza blanketi huku na huku. "Wee! Kumbe digrii inajua kushona!" Nikacheka nao. Nyanya akapitisha kidole kwenye mshono, na kilipofika kwenye shati la babu kikasimama. Nilipoinama kumfunika mtoto ndipo nikaona: kila tundu la sindano lilikuwa limerefuka kama mdomo mdogo, na ndani yake uzi unang'aa, mzima kabisa.

Nimewaza mengi tangu hapo. Kwamba nikifunika pale kwa kitambaa kipya hakuna atakayejua. Kwamba mtoto hajali. Kwamba huenda nyanya hakugundua, ingawa kidole chake kilisimama. Jana nikarudi dukani kuulizia uzi wa pamba. "Huo siku hizi hauulizwi," mzee akasema, lakini akautafuta kwenye rafu ya chini, akaupuliza vumbi, nikaununua. Hapo nikahesabu moyoni vilivyokwisha kwenda: jiko lile la moshi, macho yale, jioni zile ambazo kazi yangu yote ilikuwa kutunga sindano na nikaiweza.

Leo asubuhi nilimkuta nyanya ameketi uani na shangazi, na jirani amekuja tena kumwona mtoto. Nikamwomba shangazi blanketi. Nikaketi chini karibu na nyanya na wembe mkononi.

"Si ulimaliza?" jirani akashangaa.

"Nimeharibu, susu," nikamwambia nyanya. "Uzi wangu unakula shati la babu."

Nyanya akatia mkono kwenye mfuko wa aproni, akatoa kibonge cha nta, cheusi kwa kushikwa, akakiweka juu ya goti langu.

"Anza na hapo kwa babu yako," akasema. "Polepole."

Nikapitisha wembe chini ya mshono wa kwanza, nikakata.