Viatu vya Salma Vilivyozidi Saizi

Kama unataka kunicheka, cheka sasa umalize, kwa sababu nikishaanza sitaki kukatizwa. Haya yamenipata mimi mwenyewe, nikiwa macho, nikiwa kazini, sina homa wala sijasinzia. Duka bado lipo pale Stratford, na benchi alilokalia huyo nitakayekusimulia bado lipo. Mimi ndiye niliyehama.

Kazi yangu ilikuwa kuwavalisha watu viatu vya ski, zile mbao ndefu za kutelezea juu ya theluji. Ndiyo, mimi, mtoto wa Unguja mjini, niliyeishika theluji mara ya kwanza nikiwa mtu mzima na mtoto tumboni, ndiye niliyekuwa nawaambia Waingereza miguu yao inahitaji nini huko milimani. Miaka kumi na moja. Na nilikuwa najua, sikubahatisha. Hasa ski za kupandia. Maana kuna watu hawataki kupandishwa mlima na lifti kama wenzao. Wanabandika ngozi yenye manyoya chini ya ski ili zisirudi nyuma, wanaacha kisigino huru, wanapanda kwa nguvu zao nusu siku nzima. Huko juu wanabandua ngozi, wanafunga kisigino, wanashuka mahali pasipo na njia wala mtu. Raha yake ni nini, mimi usiniulize.

Mteja wa namna hiyo nilikuwa namwambia kwanza: anza na kiatu, ski zitafuata. Watu wanachagua ski kwa rangi, halafu wanakuja na haraka zao kwenye viatu. Unatoa kiatu cha ndani, kile cha sponji, unaingiza mguu kwenye ganda tupu, vidole vinagusa mbele, na nyuma ya kisigino nachomeka vidole vyangu viwili. Vikiingia vitatu, kikubwa hicho. Na soksi ni moja, nyembamba. Ukivaa mbili unabana damu, mguu unazidi kupoa. Kisigino kikicheza kinachubuka wakati wa kupanda, na wakati wa kushuka unageuza mguu, ski haigeuki. Maneno haya niliyasema mpaka Marek, fundi wetu wa ski, akawa ananiigiza.

Ilipofika zamu ya mwanangu mwenyewe nikafanya kinyume chake.

Salma amezaliwa hapa, tunakaa Thamesmead, na wakati ule alikuwa chuo mwaka wa pili. Akajiunga na wenzake wanaokwenda kupanda milima ya Ufaransa kwa ski. Tulizozana wiki mbili, nikashindwa, nikasema basi vifaa nakuchagulia mimi. Ski nilimchagulia vizuri, nyepesi za kupandia, fupi kidogo kuliko kimo chake, na upana wa wastani. Kwenye viatu moyo ukaniponza. Mguu wake ni sentimita ishirini na nne na nusu, nami nikampa ishirini na tano na nusu. Kwa nini? Kwa sababu nilikuwa namwona mwanangu kwenye barafu, vidole vimekufa ganzi, nikataka apate nafasi ya soksi mbili za sufu. Soksi zenyewe nilimnunulia mimi.

Alipojaribu aliniambia, "They're so comfy, Mum." Mteja akinambia hivyo namvua palepale, maana kiatu cha ski kinachostarehesha dukani kitamtesa mtu mlimani. Kwa Salma nilinyamaza. Nikakipasha moto kiatu cha ndani kwenye jiko dogo la dukani, nikamsimamisha ndani yake mpaka sponji ikashika umbo la soksi zake mbili. Nilijua ninachofanya. Hilo ndilo linaloniuma.

Siku ya safari ilikuwa Ijumaa ya Januari. Basi lao lilikuwa liondoke saa moja usiku mbele ya hosteli ya chuo, kituo kimoja cha treni kutoka dukani kwetu. Toka asubuhi sikutulia. Napanga viatu, napangua, naangalia simu, naenda mlangoni, narudi. Ilipofika saa kumi na nusu, nje kulishaingia giza, mvua inanyesha, Marek yuko chini kwenye karakana anapaka ski nta. Duka halina mtu. Kengele ya mlango haikulia. Nikageuka, msichana ameketi kwenye benchi.

"Shikamoo, mama."

Nikamjibu marahaba. Nilidhani ameuona mtandio wangu akajua ni mtu wa kwao. Kiswahili chake kilikuwa cha mjini kwetu kabisa, si cha watoto wa huku wanaokuelewa na kukujibu Kiingereza, na mimi mjinga nikafurahi badala ya kujiuliza. Umri wa Salma, au chini kidogo. Miguuni ana soksi tu, zimelowa chapachapa. Unajua nilifikiri nini? Nilifikiri amevua viatu mlangoni, kama mtu anavyoingia nyumba ya watu. Nikasema moyoni, huyu amelelewa. Nikatupa jicho mlangoni, hakuna viatu.

"Nataka viatu vya kupandia mlima," akasema. "Vya kwanza vimenizidi."

Nikapiga magoti, nikaupakata mguu wake wa kulia, nikamvua soksi. Ndani kuna soksi nyingine. Nikamtania, nikamwambia mwanangu, ndiyo maana vimekuzidi. Nikavua ya pili. Ndani kuna ya tatu. Baridi yake ilikuwa ya kuumiza mkono, na maji yalikuwa yananichuruzika mpaka kwenye kiwiko. Ya nne. Ya tano. Kila moja ni ndogo kuliko iliyotangulia, na rundo linakua pembeni yangu.

Utasema, si ungeacha? Mikono ya kazi haiachi. Ilishazoea kutafuta mguu, ikaendelea kuutafuta.

"Mama yangu ndiye aliyenivalisha," akasema kwa upole. "Anaogopa nisipate baridi."

Ya mwisho ilikuwa ndogo, ya mtoto wa miaka miwili au mitatu. Nikaibana nyuma nipate kisigino, vidole vyangu vikakutana vyenyewe kwa vyenyewe. Ndani hamna kitu. Nguo tupu. Lakini wallahi ile soksi ilikuwa imesimama, na ncha yake ilikuwa inachezacheza kwenye kiganja changu, kama vidole vya mtoto unayemtekenya.

Nikainua uso. Alikuwa ananitazama bila ubaya wowote.

"Mbona hukipimi kisigino, mama?"

Sikumbuki nilipiga kelele gani. Marek alipopanda ngazi alinikuta chini, nimeegemea rafu, benchi halina mtu. Soksi hazikuwepo. Maji yalikuwepo, na Marek aliyapangusa kwa mopu huku akinambia nirudi nyumbani nikapumzike.

Nyumbani gani? Nilikwenda stoo nikachukua ishirini na nne na nusu, nikachukua bisibisi na jozi moja ya soksi nyembamba, nikatoka bila koti.

Nilimkuta Salma mbele ya hosteli anapakia mizigo. Mambo ya yule msichana sikumwambia. Nilimwambia, "Salma, nimekupa kiatu kibaya, na nilijua."

"You knew?" akasema, mbele ya wenzake wote.

Nilimkalisha juu ya begi lake, nikapiga magoti kwenye lami na mvua, nikamvua zile soksi mbili za sufu alizovaa kwa baridi. Nilipoona mguu, mguu wa kweli, wenye kovu lake dogo la mwiko wa moto, nililia bila kuficha. Vidole viwili nyuma ya kisigino, basi. Kisha ilibidi nilegeze na kukaza upya vifungio vya ski, kwa sababu kiatu kifupi hakikai pale kilipokaa kirefu. Wenzake wanatazama, dereva anapiga honi, Salma ana aibu ya kufa mtu. Lakini alipoinuka alishika bega langu, akaniambia kwa Kiswahili, "Ahsante, mama."

Alirudi baada ya siku tisa na kucha moja nyeusi. Akawa anasimulia, anacheka, kwamba siku moja ukungu uliwafunika wakati wa kushuka, akaona ukingo wa genge hatua chache mbele yake, akageuza mguu na ski zikageuka. Mimi nilikwenda jikoni nikafungulia bomba ili asinisikie.

Ungedhani yameisha.

Vile viatu vikubwa nilivirudisha dukani Jumamosi, kesho yake baada ya basi kuondoka. Nilitakiwa kuvibandikia karatasi kwamba vimeshapashwa moto, visiuzwe. Sikuandika. Niliona haya Marek asome kwamba mimi, mwenye maneno yangu yale kila siku, nimemharibia mwanangu mwenyewe. Nikaviweka stoo, nikasema nitamweleza Jumatatu. Jumatatu Marek akanambia kwa furaha kwamba ameviuza jana yake. Mama mmoja, mwenye mtandio kama wangu na anayeongea kama mimi, alikuja peke yake kumnunulia bintiye. Marek alimwambia amlete binti apimwe. Mama akasema hakuna haja, miguu ya mwanawe ina baridi toka utotoni, vikubwa ndivyo vizuri.

Nilikuwa naamini yule msichana alikuja kunionya juu ya Salma. Siku hizi siamini hivyo. Nadhani yeye ndiye binti wa yule mama, alikuja kwa ajili yake mwenyewe, kabla hayajampata, na mimi nikatimka na viatu vya mwanangu.

Kazi ile niliiacha. Nimeuliza misikitini, nimeuliza kwenye harusi za Harrow, nimetuma ujumbe kwenye kila kundi la wanawake wa kwetu. Nikipanda treni natazama miguu ya wasichana mpaka wanahama viti.

Basi nakuambia wewe mama uliyevinunua, kama haya yatakufikia. Ni vyeusi, vina ukanda wa kijani, ulivinunua Jumapili pale Stratford. Usimpe. Kama umeshampa, mnyang'anye, akasirike, akununie mwaka mzima. Sitakulaumu, mwenye kosa ni mimi. Nataka tu mtu aniambie kwamba binti yako bado yuko nyumbani.