Mama Nta na Uvimbe Uliosomwa kwa Vidole

Saa moja na nusu asubuhi, feni ya chumba cha mwisho upande wa kushoto inazimwa, ingawa joto limeshaanza kupanda. Dirisha linafungwa. Mwanamke wa miaka hamsini na mbili anavuta kiti, anainama juu ya mashine ndogo ya chuma, kisha anakihemea kipande cha nta kilichotoka kwenye barafu. Haaa! Pumzi moja tu ya moto, kama mtu anayetaka kufuta miwani.

Anazungusha gurudumu taratibu. Nta inapita kwenye wembe, na chini ya wembe unatambaa utepe mwembamba unaopinda wenyewe. Anaupokea kwa brashi, anaulaza juu ya maji ya uvuguvugu, nao unajinyoosha kama shuka juu ya kitanda.

"Usicheke, usikohoe," anamwambia mgeni wa gazeti hili aliyesimama mlangoni. "Ukipiga chafya hapa, umepeperusha ini la mtu."

Si mzaha mtupu. Ndani ya ile nta mna kinyama kidogo kuliko punje ya haragwe, kilichotolewa juzi katika mwili wa mgonjwa. Kimelowekwa kwenye dawa ili kisioze, kikakaushwa kwa spiriti, kikazamishwa kwenye nta iliyoyeyushwa mpaka kikawa kigumu cha kukatika. Sasa kinakatwa vipande vyembamba ajabu. Unywele mmoja wa kichwani ni mnene kuliko kipande kimoja mara kumi na zaidi.

Kipande hicho kitabandikwa kwenye kioo, kitiwe rangi ya buluu na ya waridi, kisha kipelekwe chumba cha pili kwa daktari wa hadubini. Yeye ndiye atakayesema: huu ni uvimbe mpole, au hii ni saratani.

Hospitali nzima inamwita Mama Nta. Jina hilo lilianzia kwa wafua nguo, waliochoka kukwangua nta kwenye makoti yake, na leo hata mkurugenzi akilitaja lile la kwenye kitambulisho, watu huulizana ni nani huyo. Kazi ameifanya miaka ishirini na mitatu. Kwa siku hukata vinyama hamsini hadi sitini, kwa mashine moja ambayo imetengenezwa mara nyingi kuliko kuta za jengo lenyewe. Akiulizwa kuhusu mshahara, hujibu kwa kifupi: "Unatosha kuniudhi."

Mtaani kwake, hata hivyo, cheo chake ni kikubwa kuliko kilivyo kazini. Majirani wanajua kwamba anashughulika na uvimbe. Wengi hawajui kwamba yeye hukata tu na mwingine husoma. Basi mtu akiota kijinundu shingoni au begani, humfuata mlangoni na kumwambia, "Hebu gusa hapa, dada, uniambie."

Naye alikuwa akigusa. Ikiwa kinateleza chini ya kidole na ni laini, husema, "Nenda hospitali, lakini usikose usingizi." Ikiwa ni kigumu, husema, "Nenda hospitali kesho." Wote aliwatuma hospitali, hilo anasisitiza. Ila vidole vyake vilikuwa vimeshazoea kutoa hukumu, na mazoea, kama wasemavyo wenyewe, yana taabu.

Taabu ilimjia Jumapili moja mwaka jana, kwa mlango wa jikoni. Aliyeingia ni dada yake mkubwa, fundi cherehani, mwanamke wa maneno mengi na uzi mdomoni.

"Mdogo wangu, acha hivyo vyombo. Gusa hapa."

Lilikuwa titi la kushoto, upande wa kwapa. Mama Nta akagusa. Anasema mpaka leo anaweza kuieleza ile hisia: kitu kigumu kama kokwa, chenye kingo zisizo sawa, hakitelezi, kimeng'ang'ania mahali pake kama mpangaji asiyetaka kuhama.

"Nilishika vya namna hiyo maelfu kazini," anasimulia. "Mkono ulirudi wenyewe. Nikaosha sufuria niliyokwisha kuiosha."

Dada mtu hakuambiwa kitu, na hakuhitaji kuambiwa. Kesho yake aliletewa supu. Kesho kutwa akaletewa kitenge kipya. Siku ya tatu likaja la kushangaza.

"Miaka minane mimi na huyu tunagombania kabati la marehemu mama," anaeleza dada huyo, akiwa nyuma ya cherehani yake kwenye kibaraza cha duka. "Tumepelekana kwa wajomba, tumenuniana, hatujasalimiana mfungo hadi mfungo. Ghafla ananiambia, 'Chukua tu kabati, dada, nitakutafutia na mkokoteni.' Nikasema basi! Huyu anajua tarehe yangu ya kufa."

Hapo ndipo alipogoma. Mumewe alimbembeleza, watoto walilia, yeye akashikilia lake. Kama nduguye mwenye kujua mambo hayo ameshamlilia, ya nini tena kuchomwa sindano? Isitoshe, mteja wake mmoja alikuwa amemwambia kwamba uvimbe ukiguswa na chuma huamka na kusambaa.

"Nilisema sikatwi, sichomwi," anakumbuka. "Waniache nimalize sare za shule, kisha nife na mwili wangu mzima."

Wiki zikapita. Mama Nta alimwendea kila jioni, akalia, akarudi na jibu lile lile. Kazini mikono ilianza kumsaliti: tepe zikakatika, vinyama vikachanika. Mwenzake wa meza ya pili, mwanamume anayeitwa Shemeji na kila mtu kwa kuwa alioa katika chumba cha wafua nguo, akaanza kuirudia kazi yake kimyakimya. Daktari wa hadubini, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, aliviona vioo vilivyoharibika na akamwita.

Mama Nta akamwaga yote. Daktari alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Umeusoma kwa kitu gani huo uvimbe?"

"Kwa vidole, Dokta. Nimeshika vingi."

"Mimi nimesoma vingi. Umewahi kuniona naandika jibu kwa kubonyeza kinyama kwenye kikopo?"

"Sijawahi."

"Basi mlete dada yako. Si kwa kuchomwa. Mlete atazame."

Mganga hajigangi, walisema wahenga, na yaelekea hata ndugu zake humshinda. Lakini kutazama ni jambo jingine. Fundi cherehani ni mtu wa kupenda kujua. Alikuwa na hamu ya kuona hicho kinachomjaza mdogo wake nta mpaka kwenye kucha. Akakubali, kwa sharti kwamba mtu asimkaribie na sindano.

Katika chumba cha daktari mna hadubini yenye vichwa viwili, ya kufundishia, watu wawili wakiona kitu kimoja. Daktari alitoa kisanduku cha vioo vya masomo, visivyo na jina la mtu, akaweka cha kwanza.

"Unaona nini, mama?"

"Naona kitambaa cha maua," akasema fundi cherehani. "Waridi na zambarau. Nani kaibuni hii?"

"Mwenyezi Mungu. Huo ni uvimbe mpole. Tafuta ukingo wake."

Akainamia tena hadubini. Kisha Mama Nta, aliyesimama ukutani akiwa amekunja mikono, akasikia sauti ya dada yake ikibadilika, ikawa ile ya dukani anapokagua kazi ya fundi mwenzake.

"Huyu ana pindo. Amejaa, amenenepa, amemsukuma jirani, lakini kazungushiwa pindo pande zote. Hajavuka mshono."

Daktari akabadilisha kioo.

"Na huyu?"

"Loo! Huyu kafumuka. Nyuzi zimeingia kwenye kitambaa cha mwenzake. Na maua yenyewe hayafanani, moja kubwa, moja dogo, moja jeusi. Aliyeyafuma alikuwa amelewa."

"Hiyo ndiyo saratani," daktari akasema.

Alipozungumza na gazeti hili, daktari huyo alikiri kwamba wanafunzi wake huhitaji muda mrefu zaidi kuona ukingo, ingawa alionya kwamba mfano wa pindo una mipaka yake. Chembe za mwili, alieleza, hukua na kugawanyika kwa amri, na amri ikitolewa ya kusimama, husimama. Zisiposikia amri, huwa uvimbe. Zile za uvimbe mpole bado hufanana na wazazi wake; hukua, mara nyingi polepole, na hubaki mahali pake. Za saratani hupoteza sura ya ukoo, hupenya nyama ya jirani, na zingine huingia kwenye damu au mishipa ya limfu, yaani majimaji ya mwili, zikaenda kupanga mbali, kwenye mapafu, ini au mifupa.

"Lakini uvimbe mpole si lazima uwe salama," aliongeza. "Ukiota ndani ya fuvu, pasipo na nafasi, unaweza kuua kwa kusukuma tu. Na kuna aina chache ambazo zikiachwa hubadilika tabia. Maumivu nayo yasiwadanganye watu. Saratani nyingi mwanzoni haziumi hata kidogo."

Fundi cherehani naye alikuwa na swali lake kuhusu chuma. Daktari akamjibu bila kumcheka: hatari ya sindano kusambaza uvimbe ni ndogo mno, ila ya kuuacha bila kuujua ni kubwa. Watu huona mgonjwa amekatwa kisha akafa, wakalaumu kisu, kumbe kisu kilichelewa kuitwa.

Ndipo dada mtu akainua uso kutoka kwenye hadubini na kumgeukia mdogo wake.

"Na wangu una pindo au hauna?"

"Sijui, dada."

"Hujui?"

"Haujakatwa. Siwezi kujua."

"Basi wiki zote hizi ulikuwa unalia nini, we mwanamke?"

Mama Nta anasema hakuna mtu aliyewahi kumwambia neno zito kama hilo, si bosi, si mume. Alisimama pale na kulia tena, mara hii kwa kucheka. Dada yake akavua kilemba, akakikunja, akauliza chumba cha sindano kiko wapi kabla hajabadilisha nia.

Katika maabara hiyo mna desturi ambayo haikuandikwa popote: hukati kinyama cha damu yako. Mkono ukitetemeka, kinyama kidogo kama hicho huisha kwenye wembe, na hakuna cha pili. Kwa hiyo kinyama cha dada kilipofika mezani ndani ya nta, Shemeji ndiye aliyekipokea. Alizima feni, akafunga dirisha, akamtazama Mama Nta.

"Nenda kanywe chai."

"Sina kiu."

"Sikukuuliza kiu, mama. Toka, unahema mpaka utepe unaruka."

Akatoka. Alikaa kwenye benchi la ukumbini pamoja na ndugu wa wagonjwa, mahali ambapo katika miaka yote hiyo alikuwa akipapita tu. Aliwaona wanavyousoma uso wa kila anayevaa koti jeupe. Mzee mmoja alimtazama usoni kwa muda, akashusha pumzi na kuinamisha kichwa, na ndipo Mama Nta alipofahamu kuwa amekunja uso. "Nikamwambia, baba, mimi sijui lolote la mgonjwa wako, nimekaa hapa kama wewe."

Jibu lilitoka siku iliyofuata. Haikuwa saratani. Yalikuwa mafuta ya titi yaliyokufa na kukakamaa baada ya kugongwa, jambo ambalo kwa mkono laweza kufanana kabisa na saratani: gumu, lenye kingo mbaya, lisilotikisika. Fundi cherehani alikumbuka jora la kitambaa lililomporomokea kifuani miezi kadhaa nyuma. Kwa kuwa sindano huchukua sehemu tu, daktari alitaka picha zirudiwe baada ya muda, nazo zikathibitisha hivyo hivyo.

"Na kabati?" mgeni aliuliza.

"Alilidai kesho yake asubuhi," dada mtu akasema, akikata uzi kwa meno. "Saa mbili haijafika."

Mama Nta habishi. Anasema tu kwamba, kama jibu lingekuwa lile jingine, njia ingekuwa hiyo hiyo: kutazama, kuchomwa, kusoma, kisha kutibu. Kosa lake halikuwa kubahatisha vibaya. Lilikuwa kubahatisha mahali ambapo panapatikana jibu.

Siku hizi jirani akija na kijinundu chake, huweka mikono nyuma. Wiki ile ile ya mazungumzo haya, alifika kwake mama muuza mkaa, akiwa ameshafungua vifungo viwili mlangoni.

"Gusa hapa, dada."

"Sigusi. Vaa, twende wote."

"Kugusa tu unaninyima? Au ndiyo umepanda cheo?"

"Nimeshuka, mama. Ndiyo maana natembea na wewe."

Wakaongozana mpaka kliniki, muuza mkaa akinung'unika njia nzima kwamba hapo zamani huduma ilikuwa mlangoni. Kinyama chake kilikuwa bado hakijafika maabara siku mwandishi wa gazeti hili alipoondoka, na Mama Nta alipoulizwa anaonaje, alikataa kuona chochote.

Amebakiza miaka minane kustaafu. Mashine mpya ameiomba mara nyingi na ataendelea kuiomba, lakini si hiyo anayoitaja kwanza akiulizwa tumaini lake. Anaonyesha rafu mbili ukutani. Ya juu ina vikopo vya kufunika kwa kidole gumba, vya uvimbe uliowahiwa. Ya chini ina ndoo, kwa sababu wengine huja wakati uvimbe umeshakuwa mzigo.

"Leo asubuhi nimeosha ndoo nne," anasema. "Nataka siku ninayoondoka, yule atakayenirithi aniulize, 'Mama, hizi ndoo ni za nini?'"

Kisha anageukia mashine, anachukua kipande kingine cha nta kwenye barafu, na kuwaomba wote waliomo chumbani wanyamaze.