Msabaha wa Hayes, Aliyewaona Mabingwa kwa Nyuma

Jumamosi asubuhi, kabla maduka ya Hayes, magharibi mwa London, hayajafunguliwa, Msabaha Khatib anafungua banda lililo nyuma ya nyumba yake, anavuta turubai, na gari la rangi ya chungwa linatokeza. Anaingia na kuwasha. Injini inakohoa, inasita, inashika.

Hatoki kwenda kuangalia moshi. Anabaki amekaa, mguu juu ya pedeli ya mafuta, kichwa amekiinamisha upande wa kushoto kama mtu anayefuata taarifa ya habari kwenye redio ya jirani. Anaongeza mafuta kidogo kidogo. Mara kifuniko cha kikabati cha dashibodi kinaanza kugonga, tatatata.

Msabaha anatabasamu. Anazima injini.

Jirani mmoja aliyepita uchochoroni aliwahi kumshangaa. Fundi mzima, alimwambia, unashindwaje kukaza skrubu moja? Msabaha akamjibu kwamba katika gari lote lile, skrubu hiyo ndiyo haiguswi.

"Niliwahi kuigusa," anasema. "Sirejei tena."

Msabaha ana miaka hamsini na moja. Alizaliwa Wete, Pemba, akaja London mwaka 1986. Siku za wiki hutengeneza vitrekta vinavyovuta mizigo ya abiria katika uwanja wa ndege wa Heathrow. Mshahara wake, anasema, unalipa nyumba na bili, unafika Wete kidogo, kisha unakwisha. Jumamosi hutengeneza magari ya majirani, wengine wakimlipa pesa, wengine sambusa. Mkewe, Ghalia, ni mtunza wazee, naye hulalamika kwa kucheka kwamba gari lile la chungwa linafunikwa vizuri kuliko yeye.

Gari si lake. Ni Escort ya mwaka 1974, mali ya Surinder Singh, mzaliwa wa Nakuru, aliyekuwa dereva wa basi la shule huko Hounslow. Na ili kujua kwa nini limelala Hayes, inabidi kurudi nyuma, kwenye mashindano ambayo leo wanaoyakumbuka ni wachache.

Mashindano yenyewe si ya kuzunguka. Magari mawili yanasimama sambamba kwenye njia iliyonyooka. Taa za njano zinashuka moja moja, ya kijani inawaka, na yanakimbia robo maili. Wa kwanza kufika ameshinda. Ukiinama kufuta miwani, huenda usione kitu.

Yalifanyika kwenye kiwanja cha zamani cha ndege za vita, nje kidogo ya London. Wenye uwezo walileta magari yao yamepakiwa juu ya matela, yana matairi mapana kama magunia. Wasio na uwezo walikuwa na daraja lao. Waliliita Kwenda na Kurudi.

Sharti lake lilikuwa moja. Gari lije kwa miguu yake kutoka nyumbani, lishindane kwa matairi yale yale, kisha lirudi nyumbani kwa miguu yake. Likivutwa njiani, au likisukumwa, ushindi umefutika.

Mwenye kutunza matokeo alikuwa Douglas, tarishi wa posta kutoka Watford, mwenyewe dereva. Hakuwa akimfuata mtu. Mshindi alitakiwa, akishafika kwake, ampigie simu na kumwambia neno moja tu: nimefika. Akipiga, ushindi umehesabiwa. Asipopiga, unakwenda kwa aliyemfuatia.

"Ungeweza kudanganya," anasema Msabaha. "Nani angejua? Lakini sikusikia hata mmoja aliyedanganya."

Msabaha alishiriki tangu mwaka 1991 hadi daraja lilipokufa mwaka 1998, wakati watu walipohama, bima zilipopanda na magari ya kutosha yalipokosekana. Alikuwa na Datsun 120Y ya buluu. Alishindwa karibu kila Jumapili.

Binti yake, Hayat, ambaye husikia Kiswahili chote lakini hujibu kwa Kiingereza, alimwuliza siku moja kama hakuona haya. Msabaha hakukasirika.

"Nilimwambia, mwanangu, aliye mbele haoni ila barabara. Mie nilikuwa nyuma, niliwaona wote."

Na kweli, ukimpa nafasi, atakueleza kila mmoja alivyokimbia, kwa kumtazama mgongoni.

Atakueleza habari za Damyanti, mzaliwa wa Tanga, mwenye duka la viungo Queensbury. Alikuwa na Mini nyeusi, na mara nyingine alisahau kiroba cha unga wa dengu kwenye kiti cha nyuma. Hakuna aliyeondoka kwenye taa kama yeye. "Mie bado naisoma ile taa," anasema Msabaha, akimwita dada kwa desturi ya Wagujarati, "Damyantiben keshakwenda."

Atakueleza habari za Douglas na Viva yake ya kijivu. Kila alipofika mwisho wa njia alivua kofia kumheshimu aliye nyuma yake, hata kama aliye nyuma alikuwa bado mbali hawezi kuiona.

Lakini akimfikia Surinder, sauti inashuka.

Surinder alibadilisha gia kwa namna ambayo haikueleweka. Wengine waliangalia mita ya mizunguko ya injini ili wajue wakati wa kubadilisha. Mita ya Surinder ilikuwa imekufa tangu siku aliponunua gari. Na bado alibadilisha pale pale panapotakiwa, kila mara. Ulisikia injini inavuta pumzi moja, basi. Walimwuliza miaka na miaka anajuaje. Aligusa kilemba chake na kusema, "Hapa."

Mwaka 1995 alimshinda kila mtu, Damyanti akiwa wa pili. Akirudi nyumbani, Escort ikafa barabarani kwake Hounslow, akiwa analiona geti la nyumba yake. Majirani walitoka kumsaidia kusukuma. Aliwashukuru, akawaomba walisukume lakini si kwa haraka, kwa sababu haraka imekwisha. Akaingia ndani, akampigia Douglas.

"Sikufika," alimwambia.

Ushindi ukaenda Queensbury. Damyanti alimletea sanduku la burfi, vile vitamu vya maziwa, na kumwambia geti lake amelijenga mbali mno.

Miaka ikapita. Mwanzoni mwa mwaka 2004 habari zikafika kwamba kiwanja kimeuzwa, kitajengwa maghala. Wenye kiwanja walitangaza siku ya mwisho, Jumapili moja ya Septemba, na kila daraja la zamani likaruhusiwa kukimbia mara moja zaidi. Douglas akawapigia simu wote. Sharti la zamani, alisema, liko pale pale.

Habari hiyo ilimkuta Surinder katika hali ya kufunga mizigo. Mkewe alikuwa amefariki, na kaka yake mwenye kiwanda cha mbao alikuwa akimwita arudi Nakuru. Tiketi ilikuwa ya Oktoba. Escort ilikuwa imelala miaka sita, imeota kutu, panya wamekula nyaya.

Alikwenda Hayes kumwona Msabaha. Hakuomba sana. Alisema tu kwamba angependa kulikimbiza mara moja kabla hajaondoka, na kama haiwezekani, yako maisha mengine.

Msabaha alimwambia liache hapo.

Kwa miezi mitano alilifanyia kazi. Alifungua silinda hedi, akabadilisha klachi, breki, rejeta, nyaya zote. Wakati mwingine Ghalia alimletea chai akamkuta amelala chini ya gari, hajui kama yu macho au kasinzia, akaiacha chai kwenye boneti. Alipomaliza ya lazima, akaendelea na yasiyo ya lazima, kama mafundi wanavyofanya kwa kitu wanachokipenda. Kifuniko cha kikabati kilikuwa kinalegalega. Akakitia bawaba mpya, akakaza skrubu, akakiwekea utepe wa mpira. Kikanyamaza.

Jumapili ile Surinder aliendesha Escort kutoka nyumbani kwake Hounslow mpaka kiwanjani, Msabaha akimfuata na Datsun. Gari halikusumbua hata kidogo. Damyanti alikuwa amefika kutazama tu, Mini yake kaiuza zamani. Douglas alikuwa kwenye taa, na kofia yake.

Kila dereva aliruhusiwa kukimbia peke yake asubuhi, kwa majaribio, kabla ya shindano lenyewe mchana. Surinder akaingia njiani. Taa ikawaka.

Wote waliosimama pale walisikia. Gia ya pili ilichelewa, injini ikapiga kelele kama inayochinjwa. Ya tatu aliiwahisha mno, gari likajikwaa. Alimaliza robo maili polepole, akarudi, akazima. Akafungua mlango.

"Basi, fundi," alimwambia Msabaha. "Hii gari iko sawa. Mimi ndiyo nimezeeka."

Akampa ufunguo. Akamwomba alirudishe Hayes na alitafutie mnunuzi, pesa zitakazopatikana wagawane. Damyanti alijaribu kumtania, hakucheka. Alikwenda kukaa kwenye kiti cha turubai, mgongo ameielekeza njia.

Msabaha anasema hakuridhika. Miezi yote ile, na mtu anaondoka nchini akiwa amebeba mbio hizo kama ndizo za mwisho. Akaingia ndani ya Escort, akawasha, akasikiliza. Injini ilikuwa nzima. Klachi nzima. Akatoka, akachuchumaa mbele ya kile kiti.

"Bwana Singh," alimwambia, "nieleze kilichotokea. Si umri. Nieleze kwenye gari."

Surinder aligeuka akalitazama gari. Kisha akauliza, kama mtu anayeona aibu, "Kile kifuniko ulikifanya nini?"

Ndipo siri ya miaka yote ikatoka. Injini ya Escort ilipofika mzunguko unaofaa, si kabla, si baada, kifuniko kile kilianza kutetemeka na kugonga. Surinder aliligundua jambo hilo barabarani, akienda kazini. Hakuwa na mita, wala hakuihitaji. Kilipogonga, alibadilisha gia. Kuja kiwanjani aliendesha taratibu, injini haikufika mzunguko huo; kwenye majaribio ndipo alipokisubiri kigonge, hakikugonga.

"Miaka yote umetuambia hapa," Damyanti alimwambia, akigusa kichwa. "Kumbe ni kabati."

"Kabati lilikuwa linagonga," Surinder akajibu. "Kusikia kulikuwa hapa."

Msabaha alichukua bisibisi. Aliutoa mpira, lakini kifuniko kikabaki kimya, kwa sababu bawaba ilikuwa mpya na imebana. Akalegeza skrubu. Kikagonga, lakini mapema mno. Akakaza kidogo.

Wakafanya hivi. Damyanti alikaa kwenye usukani, gari limesimama, akikanyaga mafuta taratibu. Msabaha alipiga magoti kwenye mlango wa pili na bisibisi yake. Surinder alisimama kando, amefumba macho.

"Bado," alisema. "Bado. Hapana, hiyo ni mapema. Kaza kidogo. Pole pole, Damyanti, si taa hiyo."

Watu wa madaraja mengine walipita wakiwatazama kama watu waliopatwa na jambo. Mwanamke anakanyaga mafuta gari haliendi, mwanamume amepiga magoti mbele ya kabati, mwingine amefumba macho kama yuko kwenye sala.

Halafu kifuniko kikagonga, na Surinder akafumbua macho.

"Hapo," alisema. "Usiiguse tena."

Mchana walipangwa wawili wawili. Iliangukia Escort na Datsun. Msabaha anasema hakulegeza mguu, kwa kuwa huo ungekuwa utovu wa adabu. Taa ya kijani ilipowaka walitoka pamoja, na kwa urefu wa kama nyumba mbili walikuwa sawa. Akasikia Escort inavuta pumzi moja. Basi, akaanza kuuona mgongo wake, rangi ya chungwa, ukipungua, kama alivyouona Jumapili nyingi zilizopita.

"Nilishindwa vizuri," anasema. "Sijapata kushindwa vizuri namna ile."

Lakini sharti lilikuwa bado. Jioni Surinder akaelekea Hounslow, na Msabaha nyuma yake njia nzima, akiangalia kama maji yanavuja, kama moshi unabadilika. Kwenye foleni aliomba dua. Walipoingia barabara ya Surinder, pale gari lilipokufa mwaka 1995, alijikuta ameshikilia usukani kwa mikono miwili.

Escort ilipita pale. Ikaingia getini.

Surinder hakuvua hata koti. Alikwenda moja kwa moja kwenye simu, na Msabaha akiwa amesimama mlangoni, viatu mkononi, akamsikia akisema lile neno. Douglas upande wa pili alikawia kujibu. Alikuwa anavua kofia, Surinder alidai baadaye.

Wiki chache baadaye aliondoka. Kwenye uwanja wa ndege alimwachia Msabaha ufunguo wa Escort, kwa sharti lake mwenyewe. "Ukikaza ile skrubu, Mpemba wewe, narudi na ndege ya kwanza."

Tangu hapo Msabaha huliwasha kila Jumamosi. Kiwanja cha zamani kimezungushiwa uzio. Lakini Douglas hakutulia. Amepata kiwanja kingine cha ndege za vita, mbali zaidi, huko Lincolnshire, ambacho mwenye kukimiliki amekubali kuwapa Jumapili moja ya Mei mwaka huu wa 2005, ikiwa yatapatikana magari manane. Hadi sasa yako sita, na Damyanti anasema hakuna haja ya kuhangaika, atawatia aibu wateja wake wawili wa Queensbury mpaka walete ya kwao.

Damyanti mwenyewe ataendesha Datsun ya Msabaha. Msabaha ataendesha Escort. Kwa hiyo safari hii, kama mambo yatakwenda, huenda Msabaha akaiona barabara iliyo mbele.

Akiulizwa kama ana hakika ya kushinda, anacheka. Damyanti akiwa kwenye taa, anasema, hakuna mwenye hakika. Anachokijua ni kwamba ni mwendo mrefu kwenda, na mrefu kurudi, na jioni ile atakapofunga mlango wa banda hatampigia Douglas kwanza. Huko Nakuru kuna mtu amekwisha mwambia ndugu yake kwamba Jumapili hiyo simu isishikwe na mtu mwingine.

"Nikishinda, nikishindwa, nitampigia," anasema Msabaha, akirudisha turubai juu ya gari. "Nitamwambia, Singh, nimefika. Halafu nitamwekea simu pale kwenye kifuniko, asikie mwenyewe."