Msiba wa Jumapili Kule Bwaise

Jumapili iliyopita nilikwenda Bwaise, mtaa wa hapa Kampala nilikokulia, kumwona rafiki aliyejifungua, na nakwambia ndugu yangu, nusu ya maneno yake sikuyasikia. Kanisa upande huu, kanisa upande ule, kila moja na spika zake, na wahubiri wanashindana na mwenye duka la kanda. Wageni wenzangu walinung'unika. Mimi nilitoka mlangoni nikatafuta kwa macho mahali ilipokuwa nyumba yetu, nikakuta pamejengwa ghorofa ya vyumba vya kupanga. Nilirudi ndani, nikaketi nikiwaza ua wa bibi yangu.

Sisi tulikuwa watu wa Kongo, wa upande wa mashariki. Bibi aliuza vitenge sokoni Wandegeya, na baba yangu, mwanawe wa pekee, alitengeneza redio kwenye kibanda hapo hapo karibu. Mama alifariki nikiwa bado nanyonya, kwa hiyo mikono niliyoijua utotoni ni ya bibi. Na mikono ile haikushika kitu bila kumhusisha Mungu. Akiwasha sigiri ya mkaa, anaomba. Akikunja vitenge, anaimba. Akipata sabuni, anashukuru kwanza ndipo anafua. Nilikuwa nikidhani kila nyumba ya Kampala inamshukuru Mungu kwa kiberiti, na miaka ile ya utawala wa jeshi, bidhaa zilivyoadimika, kiberiti kilistahili kweli.

Siku niliyoipenda ni ya kutwanga sombe. Kinu kinatolewa uani, bibi na jirani wanapokezana michi, wimbo unafuata mchi na mchi unafuata wimbo, majani ya muhogo yananukia mpaka barabarani. Kazi yangu ilikuwa kurudisha kinuni yaliyoruka. Nikipewa mchi mdogo nami nijaribu, nikaanza kutwanga huku nimefunga mdomo, bibi hunigeukia. "Mutoto, imba. Ukitwanga kimya, ni kazi tu."

Halafu wakamchukua baba. Mchana kweupe, kibandani kwake, watu nadhifu walioshuka garini na kumwambia wana maswali machache. Bibi alizunguka kila mahali pa kuulizia, hata pale ambapo watu walimsihi asiende, akarudi na jibu lile lile la hatumjui. Basi akaacha kuuliza watu. Kila jioni, baada ya kula, tulipopiga magoti, alimaliza kwa maneno haya: "Na umlinde mwanangu huko aliko, umpe chakula." Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemtaja msafiri. Jirani mmoja alithubutu kusema marehemu, na bibi alimwonyesha mlango. Nyumbani kwetu baba hakuwa amekufa, na hakuna aliyeruhusiwa kumuua kwa mdomo.

Haukupita muda, serikali ikapiga marufuku makanisa madogo kama letu. Lile banda la mabati tulimokuwa tukisali likafungwa kwa kufuli, na kukusanyika kukawa kosa. Mzee wa kanisa ndiye aliyepata ujanja. Kusanyiko lililobaki halali ni msiba, akasema, basi na tufanye misiba. Jumapili hii kwa huyu, ijayo kwa yule, moto wa magogo uani, wanawake chini kwenye mikeka, nguo zimefungwa kiunoni. Nyimbo zenyewe za kuabudu na za kuzika ni ndugu, nani atatofautisha? Akiuliza mtu, tuseme amefariki jamaa huko Kongo. Bibi alikubali kutoa ua wake, ila akaweka sharti: "Nitaimba, nitapika. Lakini uongo wa kumwabudia Mungu siusemi, mtausema ninyi."

Kosa letu lilikuwa kusahau majirani. Hatukukumbuka kwamba ukiwasha moto wa msiba, mwenye utu atakuja kukupa pole. Jumapili ya kwetu tulikuwa katikati ya wimbo alipoingia askari aliyepanga nyumba ya ng'ambo ya mfereji, mtu wa kaskazini, amevaa sare, mkononi ana kifurushi cha sukari. Sukari, siku zile. Akavua kofia, akawapita wanaume wote, akaenda kuchutama mbele ya bibi kwa kuwa ndiye mwenye nyumba.

"Mama, nani alikufa hapa?"

Wimbo ulikatika. Mzee wa kanisa alikuwa na jibu lake tayari, lakini hakuulizwa yeye. Nami niliogopa sana, maana nilimjua bibi yangu. Uongo hausemi. Na akisema kweli, kwamba hapa hajafa mtu, tunasali, ua mzima ungepakiwa kwenye lori.

Bibi alizungusha macho taratibu, mkeka hadi mkeka, akiangalia watu na watoto waliobebwa mgongoni. Kisha akasema, "Ni mwanangu."

"Yule fundi?"

"Yule."

Askari aliinamisha kichwa. "Pole sana, mama. Redio yangu, yeye ndiye alitengeneza. Iko naimba mpaka leo." Akaweka sukari mkekani, akasogea akakaa kwenye gogo pamoja na wanaume. "Imbeni basi. Msiba bila kuimba si vizuri."

Tukaimba. Bibi hakuimba. Alijifunika kitenge usoni akalia, kilio ambacho hakuwa amekilia tangu siku ile ya kibanda, na wanawake waliokuwa wakiigiza wakaacha kuigiza. Nami nililia. Mpaka leo mtu akiniuliza lini nilijua baba yangu hatarudi, namwambia ni pale, mkekani, kwenye msiba wa uongo.

Askari alikaa mpaka mwisho, akaaga kwa heshima. Mzee wa kanisa akamfuata bibi jikoni. "Mama, umetuokoa." Bibi aliendelea kuosha vikombe.

Jioni tulikula, tukapiga magoti. Nilifumbua macho kidogo, maana nilitaka kujua atasema nini akifika kwa baba. Alishukuru kwa chakula, akashukuru kwa sukari, akamwombea yule askari.

"Baba wa mbinguni, leo nimesema mbele ya watu kwamba mwanangu amekufa. Nimekosa. Watu walikuwa wengi, niliogopa. Unisamehe." Akavuta pumzi. "Na umlinde huko aliko, umpe chakula."

Hakuturuhusu kufanya msiba tena pale kwetu. Tulirudi kwenye kinu, watu wachache wachache, tukamwabudu Mungu huku tunatwanga, na hakuna askari anayeuliza kwa nini wanawake wanaimba wakitwanga sombe. Baadaye utawala ule ulianguka, makanisa yakafunguliwa, baadhi ya waliochukuliwa wakarudi makwao wakiwa hai. Baba hakurudi. Bibi alizeekea kwangu Bukoto, na jioni hata moja hakuruka maneno yale, hata alipokuwa hakumbuki tena jina langu.

Mimi pia nasali kila jioni na wanangu. Nashukuru kwa chakula, nawaombea wagonjwa, nikifika mahali pa baba mdomo unakataa, kwa kuwa nilikuwa mkekani, nililia, na niliamini. Bibi tulimzika, na tangu siku hiyo hakuna tena mtu duniani anayemwomba Mungu ampe baba yangu chakula.